Kigari cha mapacha, na cha watatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanangu, Kurwa na Doto, siku hizi wanakwenda shule kwa miguu yao. Kigari chao cha kusukumwa bado kinazunguka Dar es Salaam na sasa kiko kwa familia ya nne. Kila kinapohamia nyumba mpya simu yangu inaanza kuita, na maswali ni yale yale. Mifano mingi hapa ni ya Dar kwa sababu ndiko nilikosukumia, ila vipimo havibadiliki hata kama uko Mombasa au Mwanza.

## Kabla ya kutoa hela

1. Hivi kigari ni lazima? Mama zetu walilea mapacha kwa mbeleko.

Si lazima. Mama zetu walilea kwa mbeleko, na pia kwa bibi, shangazi na mabinti wa jirani waliokuwa wakipokezana. Hesabu inabadilika pale mtu mmoja anapobaki na watoto wawili: mmoja yuko mgongoni, mwingine mkononi, na hakuna mkono wa kufungua mlango wala kutoa nauli. Kumfunga mmoja mgongoni na mwingine kifuani kunawezekana, nimefanya. Lakini wakifika kilo sita kila mmoja unabeba kilo 12, na huoni unapokanyaga.

Kama nyumbani una msaidizi wa kudumu na safari zako ni za bajaji mlango hadi mlango, weka hela yako. Kama unatembea peke yako na watoto mara mbili tatu kwa wiki, nunua. Na hata ukinunua, mbeleko usiigawe (tazama maswali ya 14 na 16).

2. Kinunuliwe mimba ikiwa ya miezi mingapi?

Wengi wetu hatupendi kununua vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, na sitabishana na hilo. Ila mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, na watatu huwahi zaidi, kwa hiyo ukisubiri mwezi wa tisa unaweza kukutwa. Mimi nilipima njia zangu na kuchagua aina mapema, halafu wifi yangu akaenda kulipia watoto walipokwisha kufika. Wiki za mwanzo huendi mbali hata hivyo. Safari kubwa ya kwanza ni chanjo ya wiki ya 6.

3. Nianze kuangalia nini?

Njia yako. Rangi, jina la kampuni na vikombe vya kuwekea chupa vije baadaye.

Kigari changu cha kwanza kilikuwa kizuri mno, cha bega kwa bega, magurudumu makubwa. Kiliingia sebuleni kwa mlango wa mbele bila taabu, maana ni wa mabawa mawili. Kesho yake nikagundua hakipiti geti dogo. Kwa wiki tatu nilikuwa namwomba mlinzi afungue geti kubwa la magari kila nilipotaka kwenda dukani kununua vocha. Nikakiuza kwa hasara.

Kabla ya kununua cha pili nilikata ufito wa sentimita 76, nikaushika mlalo usawa wa magoti, nikatembea nao: chumbani, koridoni, getini, duka la kona, duka la dawa, lifti ya ofisini kwa mume wangu. Majirani walicheka. Ulikwama sehemu mbili, na sehemu hizo mbili ndizo zilizoniamulia kigari. Fanya hivyo kwa upana wa kigari unachokitamani.

Angalia mitego miwili. Wa kwanza, fremu ya sentimita 80 haikupi sentimita 80: mlango usiofunguka mpaka ukutani unakula nafasi, na grili inakula nyingine, unaweza kubaki na 73. Wa pili, muuzaji hukutajia upana wa viti, wakati mahali papana zaidi huwa ni magurudumu ya nyuma. Pima mwenyewe kwa tepu, tairi hadi tairi, upande wa nje.

## Aina za vigari

4. Bega kwa bega au mbele na nyuma?

Cha bega kwa bega watoto wanakaa sambamba. Upana wake mara nyingi ni sentimita 74 hadi 80. Vipo vyembamba vya 63 hivi, lakini viti navyo ni vyembamba, na mtoto mnene wa mwaka mmoja na nusu anabanwa mabega. Faida zake ni kubwa: uzito umegawanyika sawa, kona kinakata vizuri, kila mtoto ana paa lake, na wote wanaona mbele. Wanaoneana pia, kwa maana ya kwamba mmoja atamnyang'anya mwenzake biskuti kuanzia mwezi wa nane.

Cha mbele na nyuma kina upana wa kigari cha kawaida, sentimita 60 hadi 65, kwa hiyo kinapita karibu kila mlango. Ubaya wake uko kwenye urefu. Unapokiinamisha kupanda ukingo wa barabara unanyanyua mtoto mzima aliye mbali nawe, na kona ya korido nyembamba inataka uende mbele, urudi nyuma, kama lori la mchanga. Halafu kiti cha nyuma mara nyingi ndicho maskini: hakilali sawasawa na miguu haina pa kwenda. Dukani kila mtu anakisifu cha mbele. Wewe mweke mtoto kwenye cha nyuma ndipo uamue.

Msimamo wangu: kama ufito ulipita kila mahali, chukua cha bega kwa bega. Kama ulikwama kwenye lifti au geti unalotumia kila siku, chukua cha mbele na nyuma na uzoee kuinua. Lifti ndogo za watu sita mara nyingi zina mlango wa sentimita 80 na chumba chenye kina cha sentimita 125 hivi, kwa hiyo hata kile chembamba huenda kikaingia mlangoni kikakosa pa kutosha ndani. Pima kina pia.

5. Je, nikinunua viwili vya mtoto mmoja mmoja nikaviunganisha?

Inawezekana. Kuna viunganishi vya plastiki au chuma, vitatu kwa seti, vinavyobana fremu mbili pamoja. Lazima vigari viwe vya aina moja kabisa, vyepesi, vya mpini wa kukunja kama mwavuli. Uzuri ni kwamba siku mna watu wazima wawili mnavitenganisha, na kimoja kikifa kingine kipo.

Barabarani, hata hivyo, ni mateso. Una mipini minne na mikono miwili, magurudumu manane madogo na breki mbili za kukumbuka, na upana unazidi sentimita 90. Kwa sakafu laini ya madukani sawa. Kwa barabara ya mtaa, sikushauri.

6. Magurudumu gani yanafaa mitaa yetu?

Yale madogo ya plastiki ngumu ni ya vigae. Kwenye pavingi yanakuondoa meno, na kwenye mchanga wa Mbezi Beach au Kigamboni yanazama na kugoma. Tafuta gurudumu la nyuma la sentimita 25 na kuendelea, mbele sentimita 18 au zaidi, lenye spongi ngumu au upepo.

Ya upepo ndiyo yanayobembea vizuri zaidi kwenye mashimo, na watu huyaogopa kwa sababu ya pancha. Hofu hiyo haina msingi mkubwa hapa kwetu. Angalia ubavuni mwa tairi: mengi yameandikwa 12½ × 2¼, na tyubu hiyo ndiyo ya baiskeli ndogo za watoto. Fundi baiskeli wa kona anaziba kwa dakika kumi. Valvu nyingi ni za aina ya tairi la gari, kwa hiyo hata kituo cha mafuta wanakujazia. Waambie tu kiasi kilichoandikwa kwenye tairi, maana pampu ile ikiachiwa inalipasua. Ya spongi hayapati pancha kabisa, lakini yakilika hakuna fundi wa kuyarudisha.

Magurudumu ya mbele yawe yanazunguka na pia yawe na kufuli ya kuyanyoosha. Ukifika kwenye mchanga au changarawe, yafunge. Mchanga ukiwa mzito, geuka ukivute kinyumenyume ili yale makubwa yatangulie. Unaonekana kichekesho, lakini unafika.

7. Uzito mzuri ni kilo ngapi?

Vya mapacha vingi vina kilo 12 hadi 16. Usikifikirie kitupu: chenye kilo 14, na watoto wawili wa kilo nane nane, ni kilo 30 kabla hujaweka maji na nepi. Kwa kusukuma, kilo mbili zaidi hazina shida yoyote na magurudumu mazuri yanazifuta. Kwa kunyanyua ndipo zinapouma. Anayepandisha ngazi kila siku asome swali la 15 kwanza.

## Watoto wakiwa wachanga

8. Wanaweza kukaa humo tangu siku ya kwanza?

Wanaweza kulala, si kukaa. Mtoto ambaye shingo haijakaza akiinamishwa, kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa. Kwa miezi sita ya mwanzo kiti kilale bapa, au karibu na bapa: viwango vya Ulaya vinataka pembe kati ya kiti na mgongo isipungue nyuzi 150. Usipime kwa macho ya dukani. Laza kiti, weka chupa ya maji ya nusu lita chali juu yake: ikiteremka kwa kasi, mtoto mchanga hajapata kitanda.

Na hapa wapo wanaodanganyika na vigari vya mbele na nyuma, kwa sababu mara nyingi ni kiti kimoja tu kinacholala. Mapacha ni wachanga wote wawili kwa siku ile ile.

Kama wanao ni njiti, hesabu miezi kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa na si waliyozaliwa, na uwaulize wauguzi kabla ya safari ya kwanza. Kwa njiti, kifua cha mama kwa mtindo wa kangaruu kinatangulia kigari chochote.

9. Usiku wanaweza kulala humo?

Hapana, isipokuwa kigari kina kitanda bapa cha kupachika ambacho mtengenezaji amesema kinafaa kulalia. Viti vya kawaida ni vya mchana, na mtu mzima awepo. Wakisinzia njiani, ukifika nyumbani watoe.

10. Nikikifunika kwa kanga kuzuia jua ni vibaya?

Ukiteremsha kanga mpaka chini, ndiyo. Upepo unakatika, joto linajikusanya ndani, na wewe uliye nje unaona kivuli ukidhani kuna ubaridi. Wakiwa wawili joto la miili nalo linaongezeka. Tumia paa la kigari, na kanga uibane pembeni kwa vibanio upande wa jua tu, mbele pawe wazi. Ingiza mkono uguse shingo zao kila baada ya muda. Saa sita hadi saa tisa mchana mwezi wa Januari, safari bora ni ile uliyoiahirisha.

Chandarua ni kitu kingine: hicho hupitisha hewa, na jioni kiwepo.

## Mtumba na vya kutumiwa

11. Nikinunua cha mtumba nikague nini?

Nenda na mfuko wa unga wa kilo 10 kwa kila kiti. Muuzaji atakushangaa, mwache. Weka mifuko, sukuma, pinda kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Kikivuta upande mmoja chenyewe, fremu imepinda au beringi imekufa. Kiweke kwenye mteremko, kanyaga breki, achia. Kisogee hata kidole kimoja? Rudisha.

Kisha toa unga, kikunje na kukikunjua mara tano. Sikiliza kufuli: lazima ilie na ishike, na kuwe na ndoano ya pili ya usalama. Kufuli inayokubali kwa kubembelezwa itakuangushia kigari mtoto akiwemo. Weka kidole chako karibu na maungio wakati mtu mwingine anakikunja taratibu, uone kama kuna mwanya unaokata kama mkasi. Si hofu ya bure: mwaka 2009 huko Marekani vigari karibu milioni moja vya kampuni moja viliitwa virekebishwe kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto. Vya zamani vya namna hiyo ndivyo vinavyoishia kwenye mitumba. Soma stika ya modeli kwenye fremu, iandike pamoja na neno recall kwenye simu yako kabla ya kulipa.

Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili, katikati ya miguu. Ikwangue kwa ukucha. Ikitoa unga, jua limeila. Tairi lenye nyufa ndogo limekauka, ila hilo linabadilishika. Kutu kwenye ribiti, hasa kwa kigari kilichoishi pwani, haibadilishiki. Kitambaa kichafu kisikukimbize, maji ya moto na sabuni vinatosha. Kinachokuumiza ni kipande kilichopotea: kile kibanio kidogo kinachoshikilia kiti hupati Kariakoo hata uzunguke siku nzima.

12. Dada yangu yuko Uingereza anataka kunitumia. Nimwambie anunue kipi?

Mtumie vipimo vyako, usimtumie picha uliyoipenda. Mwambie upana wa juu kabisa wa tairi hadi tairi, urefu wa buti ya gari lako, na kwamba viti vyote viwili vilale bapa. Kisha mambo matatu ambayo huko hawayafikirii: magurudumu yatoke kwa kubonyeza, ili yafungashwe na pia fundi ayafikie, aongeze tyubu mbili na seti ya vibanio vya akiba, na aache makoti ya mguu ya baridi, hayo yanakula nafasi kwenye boksi bure.

Aangalie maandishi EN 1888 (kiwango cha Ulaya cha usalama wa vigari) na uzito unaobebwa. Vipo vya kilo 15 kwa kiti na vipo vya kilo 22. Huku kitatumika hadi kizeeke, bora cha 22.

## Ukiwa njiani

13. Daladala, mwendokasi, bajaji: kipi kinakubali?

Mwendokasi ndio rafiki, kwa sababu jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi na unaingia unasukuma. Ni kwa saa za katikati ya mchana tu. Asubuhi na jioni kile si chombo cha kuingia na mapacha.

Daladala utakikunja, na utakubaliana na konda kabla hujapanda kuhusu siti ya ziada. Peke yako na wawili usijaribu. Lazima mtu wa pili. Bajaji inabeba kigari kilichokunjwa nyuma ya siti au miguuni, kama hakizidi urefu wa siti. Cha mbele na nyuma mara nyingi kinazidi. Kwa gari dogo, IST au Vitz, pima mlango wa buti na si buti yenyewe.

14. Kliniki nakwendaje nao?

Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 utazifuata watoto wakiwa wachanga bado. Kwenye vituo vingi foleni ni benchi, benchi limejaa, na mlango wa chumba cha kupimia uzito ni mwembamba. Kigari kitafika uani, ndani hakitaingia. Mmoja mfunge mbeleko mapema, kabla hujaitwa, mwingine umnyanyue. Mnyororo mdogo wa baiskeli na kufuli vinatosha kukifunga kwenye nguzo. Kadi zenu ziwe na rangi tofauti za kifuniko. Nesi akishachanganya majina ya Kurwa na Doto kurekebisha ni kazi.

15. Naishi ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

Basi kigari kilale chini. Zungumza na mwenye nyumba au mlinzi, kifungwe chini ya ngazi na kifunikwe turubai. Watoto wapande mmoja mbeleko, mmoja mkononi. Kama hakuna pa kukiacha, nunua chepesi kuliko vyote unavyoweza, cha kujikunja na kusimama chenyewe, na ukubali magurudumu madogo. Kupandisha kilo 14 na watoto wawili kwa awamu tatu maana yake kuna awamu ambapo watoto wako juu peke yao.

## Watatu, na hali nyingine

16. Nina mapacha watatu. Ninunue cha watatu?

Vipo. Vya kufuatana kama treni ni vyembamba lakini ni virefu mno, na vya sambamba vinazidi mita moja kwa upana. Kwa milango yetu hivyo vya sambamba ni vya uwanjani. Vyote ni ghali, mtumba wake ni nadra, na mtu mmoja hawezi kuvipandisha hata ngazi mbili.

Familia za watatu ninazozijua zimeishia mahali pamoja: kigari kizuri cha wawili, na wa tatu mbeleko, wakipokezana kulingana na nani analia. Wakifika mwaka na nusu, toroli la kuvuta lenye pande za kitambaa na mikanda ndani linawabeba wote na vitu vya sokoni. Kabla ya hapo hapana, maana mtoto asiyekaa imara analala ubavu.

17. Mmoja ana kilo tatu zaidi ya mwenzake. Akae wapi?

Kwenye cha mbele na nyuma, mzito akae nyuma, karibu na ekseli kubwa. Mbele panakuwa pepesi kuinua. Mfuko mzito usiuning'inize kwenye mpini, hasa unapomtoa wa mbele kwanza: kigari kinapinduka nyuma, haraka. Kwenye cha bega kwa bega kitavuta kidogo upande wa mzito. Mizigo iweke kwenye kikapu cha chini, upande wa mwepesi.

18. Nina mkubwa wa miaka miwili pia.

Kibao cha kusimamia kinapachikwa nyuma, naye anasimama katikati ya mikono yako. Hakikisha kinashika ekseli ya kigari chako kabla ya kukinunua. Shija, yule anayezaliwa baada ya mapacha, bado yuko mbali, mshukuru Mungu.

19. Watu wanainama kuwashika watoto kila nikitoka.

Wataendelea. Mapacha ni mali ya mtaa mzima. Chandarua kilichoshushwa kinazuia mikono bila wewe kusema neno, na ukisema "ndiyo kwanza wamelala, mama" hakuna anayekasirika.

20. Watakiacha lini?

Wangu walianza kugoma walipofika miaka miwili na nusu: mmoja anataka kutembea, mwingine anataka kusukuma. Tukawa tunarudi nyumbani na kigari kilichobeba nyanya na mkaa. Kabla hujakigawa, kioshe, tia mafuta kidogo kwenye ekseli, funga vipande vya akiba kwenye mfuko na uufunge mpinini. Na mpe anayekichukua ule ufito.